Mali ya Ardhini Isiliue Jembe

Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyotolewa mjini Same mbele ya wakulima, wafanya biashara na vijana wa wilaya. Tunayachapa kwa sababu jambo lenyewe lamhusu kila mwananchi, awe wa milimani au wa tambarare.

Wazee wangu, mama zangu, na ninyi ndugu zangu vijana,

Nimeombwa niseme machache juu ya utajiri wa ardhini, na nimefurahi kwamba nimeombwa kusema hapa Same. Mtu akisimama katika stesheni yetu ya reli akageukia mashariki, mbele yake iko milima ya Upare, ambako watu wanalima kahawa, ndizi, maharage na tangawizi. Akigeukia magharibi, ng'ambo ya mto Ruvu ziko mbuga za Simanjiro, na huko Mererani ndiko yalikopatikana mawe ya tanzanite mwaka 1967. Upande mmoja ni mali ya jembe, upande wa pili ni mali ya sururu. Sisi tumekaa katikati, na watoto wetu wanakwenda huku na huku.

Swali langu la leo ni hili: mali ya ardhini inapofumka ghafula, jembe hupata nini?

Watu wengi hudhani kwamba hesabu yake ni ya kujumlisha. Tulikuwa na kahawa na mkonge. Sasa tumeongeza dhahabu, tumeongeza gesi. Basi tumekuwa matajiri zaidi. Ingekuwa hivyo ningewaambia tushangilie twende zetu nyumbani. Lakini nchi nyingi zimeona kwamba hesabu hii mara nyingi huwa ya kutoa. Mali mpya huingia kwa mlango wa mbele, na mali ya zamani hutoka kwa mlango wa nyuma, wala hakuna aliyeifukuza. Nitaeleza jinsi inavyotoka, kwa maana ugonjwa usioujua hauwezi kuutibu.

Mikono inahama

Tuanze na jambo tunalolijua wote, yaani ndiva. Kwa wageni waliomo humu nitasema kwamba ndiva ni bwawa la Wapare. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku, na asubuhi hufunguliwa yakamwagilia mashamba kwa zamu. Babu zetu walizijenga kwa mikono yao, bila ya mhandisi wala mkopo. Lakini ndiva hujaa tope. Kila msimu hapana budi pembe ipigwe, watu watoke kwa msaragambo, wazoe tope na kuziba nyufa. Ndiva isiyozolewa tope hugeuka kuwa kiwanja cha kuchungia mbuzi.

Sasa tuseme kijijini kuna watu hamsini wanaotoka pembe ikipigwa. Siku moja habari inafika kwamba mahali fulani mawe yametoka, na kijana mmoja amepata fedha za kununua pikipiki mbili. Wiki hiyo hiyo vijana thelathini wanafunga mizigo. Mimi siwalaumu. Kijana ana akili timamu. Amepiga hesabu ya kahawa ya baba yake na hesabu ya pikipiki mbili. Lakini pembe ikipigwa mwezi ujao watatoka watu ishirini, nao ni wazee na akina mama. Watafanya kazi nusu. Msimu wa pili watafanya robo. Msimu wa tatu pembe haitapigwa tena.

Kisha mawe yanakwisha, au bei yake inaanguka. Vijana wanarudi, baadhi yao na fedha, wengi wao mikono mitupu. Wanakuta ndiva imekufa, mfereji umebomoka, na zamu za maji zimesahauliwa. Ndugu zangu, machimbo yanaweza kufunguliwa kwa siku moja na kufungwa kwa siku moja. Ndiva haijengwi kwa siku moja. Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya ugonjwa huu: mali mpya huita mikono, na kazi za zamani hubaki bila mikono.

Wala si mawe peke yake. Wazee wanakumbuka bwawa la Nyumba ya Mungu lilipojazwa maji katika miaka ya 1960. Samaki walikuwa wengi ajabu, na wavuvi walimiminika kutoka kila upande. Baada ya miaka michache samaki walipungua sana. Neema ya ghafula ina tabia moja, iwe ya majini au ya ardhini: haikuagi kabla ya kuondoka.

Bei zinapanda

Njia ya pili ni fedha zenyewe. Mtu akipata fedha nyingi kwa ghafula huzitumia. Hujenga nyumba, hununua kiwanja, hupanda basi, hula hotelini. Vitu hivi havitoki Uchina kwa meli. Kiwanja cha Same hakiletwi kutoka Ulaya, na fundi mwashi hafungwi katika kasha. Kwa hiyo wanunuzi wakizidi, bei hupanda. Mwashi anataka zaidi, mpiga matofali anataka zaidi, kibarua wa shamba naye anataka zaidi. Na ni haki yake, kwa sababu naye ananunua chakula kwa bei mpya.

Sasa mtazameni mkulima wa kahawa. Gharama zake zote zimepanda. Je, bei ya kahawa yake imepanda? La. Bei ya kahawa yetu haipangwi Same wala Moshi. Hufuata soko la New York, na soko la New York halijui kwamba Simanjiro kumetoka mawe. Mkulima huyu amebanwa kama muwa katika kinu: gharama zasukumwa juu na wenzake wenye fedha, na bei yashikwa chini na watu asiowaona. Hakufanya kosa lolote, na hakupunguza juhudi. Hata hivyo kazi yake, iliyokuwa ikimlipa mwaka jana, mwaka huu haimlipi.

Shilingi nayo ina neno

Njia ya tatu ni ngumu kidogo, lakini nawaombeni mnisikilize, kwa sababu ndiyo iumizayo nchi nzima. Dhahabu na gesi huuzwa kwa dola. Dola zikifurika nchini, huwa rahisi, nayo shilingi hupanda thamani. Kwa masikio hili ni jambo la fahari. Lakini tupige hesabu. Tuseme mnunuzi wa nje anatoa dola 50 kwa gunia la tangawizi. Dola ikiwa Shs. 2,500, mkulima atapata Shs. 125,000. Dola ikishuka hadi Shs. 2,000, kwa gunia lile lile, kwa jasho lile lile, atapata Shs. 100,000. Shs. 25,000 zimepotea, na hakuna mwizi wa kumkamata.

Si hilo tu. Mchele wa kutoka ng'ambo nao utakuwa rahisi sokoni, kwa sababu umenunuliwa kwa dola rahisi. Mkulima wa mpunga wa Ndungu atajikuta anashindana na mchele uliosafiri bahari nzima, na akashindwa katika soko la nyumbani kwake.

Msidhani nawatungia hadithi. Mwaka 2024 dola moja ilikuwa zaidi ya Shs. 2,700 mwezi Septemba. Kufika Desemba ilikuwa karibu na Shs. 2,400. Sababu zilikuwa zaidi ya moja: kulikuwa na watalii, kulikuwa na msimu wa mazao, kulikuwa na dhahabu. Aliyenunua mafuta au mashine alifurahi, naye alikuwa na haki ya kufurahi. Lakini aliyeuza mazao nje alipata shilingi pungufu. Nawaeleza haya ili mjue kwamba shilingi yenye nguvu ni kama mvua: yafaa tujiulize imemnyeshea nani na imemkosa nani.

Mambo haya si mapya

Ugonjwa huu wataalamu wameupa jina la Uholanzi. Waholanzi waligundua gesi nyingi sana huko Groningen mwaka 1959. Walipoiuza nje, fedha yao ilipanda thamani, na viwanda vyao vingine vikashindwa kuuza bidhaa. Watu wakakosa kazi katika nchi iliyokuwa ikitajirika. Mwaka 1977 gazeti moja la Uingereza likauita ugonjwa wa Kiholanzi. Lakini sisi tulikuwa tumeuona kabla ya kupewa jina lake.

Zamani watu wa Ugweno walikuwa wahunzi mashuhuri. Washana walifua chuma, na majembe na silaha zao zilikwenda mpaka kwa Wachagga. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka pwani ilianza kupita bonde la mto Pangani, ikitafuta pembe za ndovu na watumwa. Hiyo nayo ilikuwa mali ya ghafula. Watawala walipata nguo, shanga na bunduki bila kulima wala kufua. Vita vya kukamata watu vikaenea, na biashara ya amani baina ya majirani ikaharibika. Chuma cha kutoka ng'ambo kikaingia, na viriba vya wahunzi vikapungua sauti. Ndovu walipokwisha na biashara ya watu ilipokomeshwa, ufundi ule haukurudi tena mahali pake.

Tuvuke bahari twende visiwani. Pemba ilijulikana tangu zamani kwa mpunga. Karafuu ilipopata bei katika karne ya 19, mikarafuu ilipandwa kila mahali, na visiwa vikawa vinanunua chakula kutoka nje. Katika miaka ya 1970 karafuu ilikuwa na bei kubwa tena, na mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, ambako watu huitia katika sigara. Lakini Waindonesia hawakulala. Walipanda mikarafuu yao, na katika miaka ya 1980 wakawa hawahitaji tena ya Zanzibar. Bei ikaanguka. Aliyekuwa na zao moja na mnunuzi mmoja akabaki hana kitu cha kushika.

Na sisi wa bara? Mwezi Julai mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil. Kufika mwaka 1977 bei ya kahawa duniani ilipita dola 3 kwa ratili moja. Neema hiyo ilifika mpaka katika vihamba vya Upare. Lakini sehemu kubwa ya bei ile haikumfikia aliyechuma kahawa, na vyama vikuu vya ushirika, ambavyo vingeweza kumsemea mkulima, vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976. Taifa lilijikuta na fedha nyingi za kigeni, milango ya kuagiza vitu nje ikalegezwa, na kabla ya mwaka 1978 kwisha akiba ilikuwa imekauka. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na mwezi Oktoba vita vya Kagera vikaanza. Mtu aliyetumia akiba yake siku ya harusi hana cha kushika siku ya msiba.

Nitataja nchi moja zaidi, kisha niache. Nijeria ilikuwa ikiuza kakao, mawese na karanga. Kule Kano magunia ya karanga yalipangwa kama milima, na watu walipiga picha. Bei ya mafuta ya petroli ilipopanda karibu mara nne katika miaka ya 1973 na 1974, serikali iliegemea petroli. Milima ile ya karanga imetoweka. Nchi ya wakulima ikawa inaagiza mchele na ngano.

Je, tuiache mali ardhini?

Najua wapo watakaoniuliza: "Bwana, unataka dhahabu ikae huko huko chini?" Hapana. Mali iliyolala haimsomeshi mtoto. Mimi sisemi kwamba utajiri ni laana. Baraka isiyo na mpango ndiyo huwa laana.

Tena ni lazima tuseme kweli juu ya hali yetu. Machimbo makubwa ya dhahabu yalianza Nzega mwaka 1998, Geita mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001. Tangu mwaka 2019 dhahabu imetuletea zaidi ya dola bilioni 2 kila mwaka, na hakuna zao la shamba linaloikaribia. Lakini machimbo makubwa hutumia mashine nyingi na watu wachache. Kwa hiyo kwetu hatari kubwa ni hii: nchi kutegemea mfuko uliojazwa na watu wachache, na kuwasahau mamilioni wanaolima. Serikali inayopata fedha zake kwa mkulima humsikiliza mkulima, ikipenda isipende. Inayopata fedha zake katika shimo husikiliza shimo.

Na gesi je? Tangu mwaka 2010 gesi nyingi imegunduliwa baharini kusini mwa nchi. Mwaka 2013 kulitokea ghasia Mtwara kwa sababu ya bomba la gesi. Wananchi wale walikuwa wakiuliza swali lile lile ninalouliza mimi leo: sisi tunaokaa juu ya mali hii, maisha yetu mengine yatakuwaje? Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria ya mapato ya mafuta na gesi, na kuweka mfuko wa kuyatunza. Ni jambo jema. Lakini mtungi si maji. Sheria ni chombo, na chombo hungoja watu wa kukijaza na kukilinda.

Dawa yake ni ndiva

Sasa narudi nyumbani. Wapare hatuhitaji kwenda mbali kutafuta dawa. Mvua kubwa ikinyesha Shengena, maji hushuka kwa nguvu. Pasipo na ndiva yatachukua udongo, yatavunja mifereji, na baada ya siku tatu kutakuwa na kiu. Penye ndiva, maji yale yale yatakuwa shibe. Mvua ni moja. Tofauti ni bwawa.

Kwanza, kuweka. Wanorwe walipata mafuta mengi baharini mwaka 1969. Mwaka 1990 walitunga sheria ya mfuko wa akiba, na mwaka 1996 wakatia fedha za kwanza. Fedha nyingi wanaziweka nje ya nchi, ili zisifurike ndani na kupandisha bei, nao hutumia sehemu ndogo kwa mwaka. Hiyo ni nini kama si ndiva? Maji ya usiku yamewekwa, asubuhi yanafunguliwa kwa kipimo.

Pili, kupeleka maji shambani. Ndiva iliyojaa ambayo haimwagilii kitu ni mazalio ya mbu. Fedha za madini zitengeneze barabara ya kutoka Mamba mpaka tambarare, ili tangawizi ishuke bila kuozea njiani. Zijenge mifereji Kihurio na Ndungu, zilete umeme wa kusindikia mazao, ziwasomeshe mafundi. Gharama ya usafiri ikishuka, mkulima ataweza kustahimili hata shilingi ikipanda. Barabara haiishi kama mawe yanavyokwisha. Na mali ipitayo mlangoni petu tuitie kazi hapa hapa: jasi inachimbwa Makanya yetu, yafaa tujifunze kutengeneza vitu kwa jasi badala ya kuitazama ikipita katika malori.

Tatu, msaragambo. Hapa naongea na ninyi vijana. Mtu akienda machimboni aende, lakini asiiache pembe ya kwao. Kama hawezi kutoka kwa kazi, atoe fedha ya kumlipa mtu atakayezoa tope mahali pake. Vyama vya ushirika viandike jambo hilo katika vitabu vyao, liwe deni kama madeni mengine. Na atakayepata jiwe zuri, kabla ya pikipiki ya pili, anunue mitungo ya mibuni, au mashine ya kukoboa, au amlipie mdogo wake ada ya chuo cha ufundi. Jiwe huuzwa mara moja. Mbuni huchumwa kila mwaka.

Mwisho, tudai hesabu. Mwaka 1945 wazee wetu walikusanyika hapa hapa Same kwa maelfu, kwa sababu ya kodi ya mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kodi ambayo kipimo chake hawakukielewa wala hawakukubaliana nacho, na hawakurudi milimani upesi. Sisi ni wajukuu wao. Tuulize kwa adabu, lakini tuulize kila mwaka: dhahabu imeleta kiasi gani? Kiasi gani kimewekwa? Kiasi gani kimefika katika jembe? Mwananchi asiyeuliza mali yake iko wapi asishangae akiambiwa imekwisha.

Ndugu zangu, siku moja machimbo yote yatanyamaza. Dhahabu itakwisha, na mawe ya buluu yatakwisha. Siku hiyo milima ya Upare itakuwa ipo palepale, na mvua itanyesha Shengena kama kawaida. Mtoto wetu atakuja kutafuta maji ya kumwagilia shamba. Ama atakuta ndiva, ama atakuta kiwanja cha kuchungia mbuzi. Jibu lake tunalo sisi, na pembe tunayo sisi. Tuipige sasa, wakati watu wa kutoka wangalipo.